Habari za Mji wa Tabora, Bandari ya Bara

Wasomaji wetu wamezoea kusoma habari za miji ya pwani, kama Kilwa, Bagamoyo, Mombasa na Lamu. Miji hiyo sababu yake yaonekana kwa macho: bahari iko mlangoni, vyombo huingia kwa upepo wa kaskazi na kutoka kwa upepo wa kusi, na mahali chombo kinapotia nanga hapakosi duka. Leo twapenda kueleza habari za mji wa namna nyingine. Tabora uko maili 500 na zaidi kutoka pwani, juu ya uwanda wa bara wenye kimo cha futi 4,000 hivi. Hauna bahari, hauna ziwa, wala hauna mto mkubwa unaopita karibu nao. Pamoja na hayo, katika karne iliyopita kabla ya ile ya reli, mji huo ulifanya kazi yote ya bandari. Shehena zilishushwa hapo, zikahesabiwa, zikagawanywa, zikafungwa tena. Wageni wa mataifa mbalimbali walikaa hapo miezi mingi wakingoja safari. Na wenyeji na wageni waligombana hapo juu ya ushuru. Na hilo la mwisho, yaani ugomvi wa ushuru, ndilo hasa tulilokusudia kulieleza, kwa kuwa asiyelijua hawezi kufahamu kwa nini watu walipigana Unyanyembe kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini.

Kwanza jina. Zamani wageni walipaita mahali hapo Kaze, na nchi yote ya kandokando iliitwa Unyanyembe, nayo ni moja katika nchi nyingi za Wanyamwezi, kila nchi na mtemi wake. Jina la Tabora yasemekana latoka katika matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa juani, chakula ambacho msafiri aweza kukichukua siku nyingi bila kuharibika. Kama ndivyo, jina hilo laufaa mji huu kuliko jina la mfalme yeyote, kwa maana mji wenyewe ulikua kwa posho ya wasafiri.

Wako watu wengi, hata waliosoma, wanaodhani ya kuwa njia ile ilifunguliwa na Waarabu, au na Wazungu waliokuja nyuma yao. Sivyo. Kabla ya wageni kuweka makao Unyanyembe, Wanyamwezi walikuwa na njia zao. Walichukua chumvi ya Uvinza, na majembe ya wahunzi wa Usumbwa, na shaba ya Katanga, wakauza nchi hata nchi. Karibu na mwaka 1800 misafara yao yenye pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuteremka hata pwani. Watu wa pwani wakawaita Wanyamwezi, na wengi husema maana yake ni watu wa upande unakoandama mwezi, yaani upande wa magharibi. Wafanya biashara wa Unguja walipoziona pembe hizo ndipo walipotamani kwenda kuzitafuta zinakotoka. Miongoni mwa wageni wa kwanza alikuwamo Mhindi wa Surat aliyeitwa Musa Mzuri. Kisha Waarabu na Waswahili wakaongezeka, na mwaka 1852 ndio unaotajwa mara nyingi kuwa mwaka wa kuanzishwa makao yao ya Tabora. Basi mgeni alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na mwenyeji.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mji uwe pale, usiwe mahali pengine? Na afuate njia yenyewe kwa mawazo, ataona. Msafara uliondoka Bagamoyo, ukapanda milima ya Usagara, ukafika Mpwapwa, kisha ukaingia Ugogo, nchi ya maji haba, ambapo kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu watu kuteka kisimani. Baada ya Ugogo likafuata pori la Mgunda Mkali, ambalo jina lake latosha kulieleza. Watu walipita humo siku kwa siku wakitazamia mabwawa ambayo pengine yamekauka. Walipotokea upande wa pili, wakapita Tura na Rubuga, ndipo walipoona mashamba ya Unyanyembe, yenye mtama na viazi, na visima, na watu wengi. Hapo ndipo kila mtu alitaka kutua mzigo. Wapagazi wengi walioandikwa pwani, mapatano yao yaliishia hapo. Mwenye mali hakuwa na budi kuwalipa, kufungua mitumba yake, na kutafuta watu wengine wa kuendelea mbele.

Na kutoka hapo njia zilikuwa tatu. Moja ilikwenda magharibi, ikavuka mto Malagarasi kwa mitumbwi, ikafika Ujiji ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Ya pili ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Ya tatu ilielekea kusini-magharibi, Ufipa na mbele yake, hata Katanga, ambako Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa, alijifanyia ufalme wake akautawala mpaka alipouawa mwaka 1891. Bwana Hamed bin Muhammed, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja, lakini baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi. Mwanawe alizipita njia hizo mara nyingi, na mwishoni mwa maisha yake akaandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili.

Sasa twataka kukaa kidogo juu ya wapagazi. Katika shule tuliyosoma sisi, tulifundishwa kwa taratibu majina ya Wazungu waliopita Tabora, na miaka yao, na maziwa waliyoyaona; wala hatukutajiwa jina la pagazi hata mmoja. Lakini nchi ile haikuwa na gari, wala ng'ombe wa kukokota, na punda walikuwa wachache. Mali yote ilipanda na kushuka juu ya mabega ya watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, na juu yake pagazi alichukua mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi mwenye bendera, amejipamba kwa nguo nyekundu na manyoya, naye alichaguliwa kwa akili yake na kwa kuijua njia. Nyuma yake walifuata wenye pembe, kisha wenye nguo na shanga, kisha wenye vyombo vidogo. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Wengi walikufa njiani kwa ndui, na wengine kwa kiu.

Pamoja na taabu hizo kazi hiyo ilikuwa na heshima. Wavulana wa Unyamwezi walijizoeza tangu utoto kwa kubeba vipembe vidogo, na kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili. Tena walikuwa watu huru wenye kujua haki yao: walipatana ujira kabla ya kuondoka, na wakati wa kulima ulipofika wengi walikataa safari, hata bwana awape nini, kwa sababu nyumbani jembe lilikuwa likiwangoja. Mgeni aliyechelewa kufika Unyanyembe mpaka mvua zikanza, ilimpasa akae tu.

Mizigo yenyewe iliunganisha Tabora na miji ambayo hakuna pagazi aliyepata kuiona. Nguo nyeupe iliyoitwa merikani ilipewa jina hilo kwa kuwa ililetwa na merikebu za Wamarekani, hasa wa bandari ya Salem. Kaniki ilitoka Uhindi, na shanga nyingi zilitoka Venice. Pembe za ndovu nazo zilishuka Unguja, zikaenda Bombay na London na Marekani. Katika jimbo la Connecticut viko vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, ambavyo viliishi kwa kazi ya kukata pembe hizo ziwe vibao vyembamba vya kufunika vidole vya piano. Mtoto aliyejifunza muziki huko alitia vidole vyake juu ya kitu kilichopita Mgunda Mkali begani mwa mtu.

Lakini katika misafara hiyo walikuwamo pia watu wasiokuwa wapagazi wa mapatano. Watumwa waliotekwa Manyema na nchi za maziwa walipitishwa Tabora, wengine wakauzwa mbele, wengine wakabaki kulima mashamba ya matajiri wa hapo. Mchuuzi aliyenunua pembe na aliyenunua watu mara nyingi alikuwa ni yule yule, na bunduki iliyolipwa kwa pembe mwaka huu ilitumika kuteka watu mwaka ujao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe katika Tanganyika ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Twaandika hayo wazi kwa kuwa wako wanaousifu mji wa zamani kwa milango ya kuchongwa na bustani za vitunguu, kana kwamba bustani zile zilijilima.

Hata hivyo yafaa kueleza mji ulivyokuwa. Haukuwa mji wa nyumba zilizosongamana kama Unguja. Ulikuwa tembe kubwa zilizotawanyika, kila moja na ua wake, ghala yake, mashamba yake na vibanda vya watu wake. Waarabu walipanda mpunga, ngano, vitunguu, michungwa na miembe. Burton na Speke, Waingereza wawili walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857, walifika Kaze tarehe 7 Novemba, yaani zaidi ya miezi minne njiani, nao walipokewa vizuri na Snay bin Amir. Kutoka Kaze ndipo Speke alipokwenda kaskazini mwaka 1858 akaliona ziwa kubwa, ambalo yeye aliliita Victoria na wenyeji walikuwa wamelijua siku zote.

Mwaka ule ule wa 1858 mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikufa, na hapo ndipo ugomvi wa ushuru ulipoanza. Aliyerithi kiti, Mnywa Sere, aliona jambo ambalo mtemi yeyote angeliona: mali nyingi zapita katika nchi yake, na faida yake huenda Unguja. Akawatoza wafanya biashara ushuru juu ya bidhaa zao. Wao wakaona ushuru huo ni dhuluma, kwa kuwa walizoea kutoa zawadi tu kwa hiari yao. Karibu na mwaka 1860 wakamwondoa kwa nguvu, wakamtia kitini Mkasiwa, mtu wa ukoo huo huo, aliyekubali kuwaachia njia. Mnywa Sere akawa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, akizunguka na watu wake na kuishambulia misafara. Speke alikutana naye njiani mwaka 1861, akaombwa awapatanishe, isiwezekane. Mwaka 1865 Mnywa Sere alikamatwa akauawa. Kwa maoni yetu kosa lake halikuwa kutaka ushuru, maana kila mwenye bandari hutoza. Kosa ni kwamba alidai peke yake, hali jamaa zake wamegawanyika, na wageni wakajua pa kupenyeza mkono.

Aliyekuja baada yake hakulirudia kosa hilo. Mirambo alikuwa mtemi wa nchi ndogo upande wa magharibi ya Tabora. Alikusanya vijana wa vita walioitwa rugaruga, akajifunza mbinu za Wangoni, akaunganisha nchi nyingi chini yake, na makao yake yakawa katika nchi ambayo mpaka leo yaitwa Urambo. Nchi hiyo iko juu ya njia ya Ujiji, kama kizuizi mlangoni. Mwaka 1871 Mirambo akaifunga njia. Waarabu wa Tabora walitoka na jeshi kubwa kumpiga, na pamoja nao alikuwako Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuwa akimtafuta Dr. Livingstone. Walishindwa vibaya. Mwezi wa Agosti Mirambo akaingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alipeleka askari, nao hawakumweza. Vita vilikwisha baada ya miaka mingi bila Mirambo kuvunjwa. Mwaka 1876 Stanley yule yule alichanjiana naye damu, wakawa ndugu. Mirambo alikufa Desemba 1884, na kwa kuwa nguvu zake zote zilikuwa katika mtu mmoja, dola yake ikapunguka upesi.

Vita vile ndivyo vilivyomfanya Livingstone akae Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Stanley alimwacha hapo katika mwezi wa Machi akaenda pwani kumwandikia wapagazi, naye mzee akangoja mpaka Agosti. Hakurudi tena akiwa hai. Alipokufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na Susi na wenzao walikausha mwili wake, wakauchukua. Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Mwingereza Cameron, aliyeona afadhali mwili uzikwe hapo. Wakakataa. Wakaendelea na mzigo wao hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwezi wa Aprili mwili ukazikwa London. Hao ni baadhi ya watu wa misafara ambao majina yao hayakupotea.

Katika Unyanyembe Mkasiwa alifuatwa na Isike. Isike naye alitaka njia impe haki yake, na alipata nguvu kuliko Mkasiwa. Lakini sasa alikuja mdai mwingine. Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Wadachi Tabora, akapatana na Waarabu. Isike hakukubali. Alishambuliwa mara kwa mara katika mwaka 1892, boma lake likasimama. Mwezi wa Januari 1893 luteni Tom von Prince akaliingia. Isike, alipoona ameshindwa, alijitia moto katika ghala ya baruti pamoja na watu wa nyumba yake. Hongo ya watemi ikaisha. Mwaka 1898 serikali ya Wadachi ikaanza kutoza kodi ya nyumba, na watu wa Unyanyembe, ambao babu zao walibishana nani atatoza mali ya wapita njia, wakajikuta wakitozwa wao wenyewe.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miongoni mwa waliopasua mawe na kulaza vyuma walikuwamo Wanyamwezi wengi. Walijenga kitu ambacho kingewanyang'anya kazi. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili tatu. Bagamoyo haikupata reli, ikafifia. Ujiji ukapitwa, kwa kuwa reli ilishuka Kigoma jirani yake. Tabora ulisalimika, na sababu ni ile ile ya zamani: njia zakutana hapo. Mwaka 1928 tawi la reli la Mwanza lilimalizika, na baadaye likaja tawi la Mpanda litokalo Kaliua. Lakini vijana waliokuwa wakishika njia na mzigo sasa walishika njia kwenda mashamba ya mkonge, wakiitwa manamba.

Katika vita vya 1914–1918 Wadachi, baada ya kuzuiwa na manowari za Waingereza baharini, walitengeneza fedha zao wenyewe Tabora mwaka 1916. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilipigwa katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke. Zilipigwa zipatazo 16,000, na leo wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa sana. Tarehe 19 Septemba ya mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Kisha ikaja serikali ya Waingereza. Shule ya serikali ikafunguliwa miaka ya 1920, na humo Julius Nyerere alisoma tangu 1937, kisha akarudi mjini kuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's. Mwezi wa Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikasirika, lakini mkutano ukaamua kuingia, na uhuru ukapatikana mwaka 1961.

Siku hizi Tabora ni makao ya mkoa, wenye sifa ya asali na tumbaku. Maji ya Ziwa Victoria yaletwa kwa mabomba, na reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, yajengwa kuelekea huko. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia ya zamani ya pembe na watumwa katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Sisi tulikwenda Kwihara wakati wa kiangazi, mwendo mfupi kutoka mjini. Tembe alilokaa Livingstone limejengwa upya, na mgeni huonyeshwa chumba chake na habari zake. Nje yake njia ya vumbi yaendelea magharibi, na kandokando imesimama miembe mikubwa. Wenyeji husema iliota kwa kokwa zilizotupwa na watu wa misafara walipokuwa wakipumzika kivulini.